Kushoto Kwako, Mara Mbili

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla Maren hajamaliza uji wake wa shayiri, alisikia pampu ikikoroma uani. Huyo alikuwa bibi yake, Verna Tollefson, akijaza upepo magurudumu ya baiskeli yake ya kijani. Alipomaliza aliyabonyeza kwa kidole gumba, akavaa helmeti yake ya manjano, kisha akaita dirishani.

"We Maren, huo uji unaula au unauhesabu? Njia inatungoja."

Maren alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na bibi yake sabini na mmoja. Siku ya kwanza Bibi Verna alipopita mbele ya posta juu ya baiskeli, amevaa kaptura, mji wetu wa Nordal ulipigwa na butwaa. Kinyozi alitoka nje na mkasi mkononi, akamwacha mteja kitini na nywele za upande mmoja. Sisi tulikuwa tunamjua Bibi Verna kama dereva wa basi la shule, mwanamke wa koti zito na sauti nzito, aliyewaendesha watoto wa mji huu mpaka wakawa wazazi, akawaendesha na watoto wao. Hakuna aliyewahi kuyaona magoti yake.

Basi lake lilikuwa na sheria moja. Mchana, kabla ya kushuka, kila mtoto alijibu swali: "Leo umejua nini ambacho asubuhi hukukijua?" Aliyesema hajui alirudi kuketi na kuzungushwa hadi kituo cha mwisho. Wako watu wazima hapa Nordal, wenye vipara na wajukuu, ambao hadi leo wakikutana na Bibi Verna kwenye duka la jibini huanza kukuna vichwa wakitafuta jibu.

Alipostaafu, swali hilo alilihamishia mezani, wakati wa chakula cha jioni. Babu Leif, mumewe, alijibu, Maren alijibu, na Heidi, mama yake Maren, alijibu huku akivua viatu vyake vya kazini. Kisha Babu Leif akafa. Majira yale ya baridi, Bibi Verna alisogeza kiti dirishani, akaketi. Aliitazama theluji asubuhi, akaitazama jioni. Wakati wa chakula Maren alingoja swali, na swali halikuja. Nyumba iliyozoea kuulizwa ikawa kimya, na Maren aliogopa kimya hicho kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote.

Aliyemtoa Bibi dirishani alikuwa Mzee Orville Haugen, fundi wa piano. Tangu ujana wake alipita nyumba kwa nyumba, shule kwa shule na kanisa kwa kanisa, akikaza nyuzi za piano na kuzisikiliza hadi kila sauti ikae mahali pake. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa jembe lake. Miaka ya uzeeni alianza kusafiri kwa baiskeli, na kila Septemba alikwenda kuiona njia asiyoijua. Majira yale ya kuchipua alikuja kuitengeneza piano ya kina Maren, akamkuta Bibi Verna kwenye kiti chake.

"Verna, unatazama nini?"

"Barabara."

"Ina nini?"

"Haina kitu."

"Basi umekosea barabara," alisema Mzee Orville akikunja kitambaa chake. "Nyuma ya ghala la maziwa iko njia inayokwenda hadi mtoni. Umeendesha basi kando yake maisha yako yote na hujawahi kuikanyaga. Njoo uone."

Njia hiyo ilikuwa reli zamani. Vyuma viling'olewa, pakamwagwa kokoto laini, na sasa hupita baiskeli tu. Nayo ina adabu yake. Anayetoka nyuma hupiga kengele, kisha huita, "Kushoto kwako!" Maana yake ni kwamba mimi napita kushoto, wewe baki kulia kwako. Mwenyeji akisikia hivyo hutulia. Mgeni kutoka Chicago husikia neno moja tu, "kushoto," naye huruka kushoto, moja kwa moja mbele ya gurudumu. Bibi Verna naye katika juma lake la kwanza alifanya kosa hilohilo. Mzee Orville alimwita kutoka nyuma, yeye akakata kushoto, wakatumbukia majanini wote wawili.

"Umeendesha basi miaka yote hiyo, Verna, na kushoto hukujui?" aliuliza Mzee Orville akijitoa nyasi masikioni.

"Nilizoea kupitwa na magari. Magari hayaongei."

Walicheka mpaka wakashindwa kusimama. Jioni hiyo, baada ya miezi, Bibi Verna aliweka uma mezani na kuuliza, "Haya, leo mmejua nini ambacho asubuhi hamkukijua?" Heidi alilia palepale, akasingizia kitunguu.

Lakini Heidi alikuwa muuguzi wa zahanati, na muuguzi huona mengi. Alikuwa ameona wazee walioingia na nyonga zilizovunjika wasitoke tena kwa miguu yao.

"Mama, mimi sikukatazi," alimwambia Bibi Verna. "Ila mifupa yako si ya Maren. Siku utakayosababisha ajali, baiskeli hiyo naifungia ghalani kwa kufuli. Nasema mbele ya mtoto ili pasiwe na kusahau."

"Nimesikia, daktari," alisema Bibi Verna, na Maren naye alisikia.

Ajali ilitokea mwezi wa Julai, penye kinamasi, karibu na daraja la chuma. Bibi alikuwa mbele, Maren nyuma. Upande wa kulia walisimama korongo wawili wa kijivu, na katikati yao kinda wa rangi ya kutu, miguu mirefu na mwili kiduchu.

"Maren, tazama kale katoto! Kamevaa miguu ya baba yake!"

Bibi Verna aligeuza uso kumtazama kinda huyo, miguu yake ikiendelea kukanyaga. Mbele yake, taratibu, alikuwa akienda Mzee Orville. Maren alimwona. Alidhani Bibi naye amemwona, kwamba sasa hivi atapiga kengele. Bibi hakupiga kengele. Hakuita. Maren alifungua kinywa kupiga kelele, na kabla sauti haijatoka vyuma viligongana.

Maren alibaki amesimama, baiskeli katikati ya miguu yake, mikono imeganda kwenye breki. Watu wazima wawili aliowapenda walikuwa wamelala kwenye kokoto, na gurudumu moja lilikuwa bado linazunguka. Helmeti ya manjano ilikuwa imepasuka ufa kutoka mbele hadi nyuma. Mzee Orville aliketi, mdomo ukimtoka damu, akishika kifundo cha mkono kilichokuwa kimeanza kuvimba. Bibi Verna alifumbua macho na kuuliza kama leo ni siku ya shule.

Waendesha baiskeli waliokuwa wakipita walipiga simu, na Heidi akafika na gari la zahanati. Alipiga magoti kwenye kokoto, akamwangalia mama yake machoni kwa kurunzi, akampapasa shingo, akamgusa mgongo. Alipoona hakuna kilichovunjika alishusha pumzi, na pumzi hiyo iliposhuka, hasira ikapanda.

"Mama, uliita?"

"Sikumbuki," alisema Bibi Verna. "Nakumbuka daraja. Halafu nakuona wewe. Katikati hapana kitu."

Heidi aligeuka. "Maren, ulikuwa nyuma yake. Bibi yako aliita au hakuita?"

Maren aliiona kufuli. Akakiona kiti cha dirishani, na theluji nje, na chakula cha jioni kisicho na swali.

"Aliita," alisema.

"Una hakika?"

"Alisema 'Kushoto kwako.' Kwa sauti kubwa." Na kwa kuwa mama yake aliendelea kumtazama, akaongeza, "Mara mbili."

Heidi alizima kurunzi. Aliyeshtuka ni Mzee Orville. Alimtazama Maren, midomo yake ikawa myeupe, kisha taratibu akapeleka mkono mzima sikioni.

"Mara mbili?" aliuliza.

Maren alitikisa kichwa kukubali. Tayari alitamani kuirudisha ile "mara mbili," lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Sikusikia kitu," alisema Mzee Orville, kama mtu anayejisemea. "Nilisikia korongo. Nilisikia kokoto. Yeye sikumsikia." Akamgeukia Bibi Verna. "Nisamehe, Verna. Uliita, na mimi nikakuziba njia. Kosa ni langu."

Bibi Verna alipona baada ya siku chache. Baiskeli haikufungiwa. Maren alijiambia kwamba mambo yameisha vizuri, hakuna aliyeumia sana. Lakini mji mdogo hauna siri, na habari ya masikio ya Mzee Orville ilitangulia kufika kila alikokwenda. Dukani, muuzaji alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa kaunta: "MZEE ORVILLE, UNATAKA MAZIWA?" Mchungaji alimshika bega na kumsemea mdomo karibu na shavu, kama anayezungumza na kisima. Hata Bibi Verna, rafiki yake, alianza kumwongelesha polepole, neno mojamoja. Mzee Orville aliwajibu wote kwa upole. Kila alipojibu, alikuwa akijiuliza ni maneno mangapi yaliyompita kabla ya hayo.

Heidi alimwomba aje zahanati apimwe masikio.

"Hapana, binti yangu," alisema. "Asiyetaka jibu haulizi swali."

Maneno hayo yalipofika mezani jioni ile, Bibi Verna alishindwa kumeza. "Orville? Orville kasema hivyo? Mtu aliyekwenda hadi Minnesota kwa baiskeli ili aone tu kama ule mto mkubwa unaanza kweli kwa kijito unachoweza kukiruka?" Akasukuma sahani. "Mimi niliketi dirishani kwa sababu ya huzuni. Yeye anaketi kwa sababu ya woga. Huo ni mbaya zaidi." Kisha akauliza swali lake la kila siku, bila moyo. Maren akajibu kwamba amejua viazi vina maji mengi. Jibu hilo lilikuwa baya, na wote watatu walijua.

Mwezi wa Agosti kanisa letu la Kilutheri hufanya soko la vitu vikuukuu katika ukumbi wa chini. Maren alipelekwa kusaidia kupanga vikombe. Alikuwa amebeba trei nzima alipoiona, imeegemezwa ukutani kati ya taa isiyo na kifuniko na viatu vya kuteleza thelujini: baiskeli nyeusi ya Mzee Orville, yenye mikoba ya safari pande zote mbili. Kwenye usukani ilining'inia karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake: *Achukue anayeitaka.* Chini yake, sakafuni, lilikuwa sanduku la ngozi la vifaa vyake vya piano.

Vikombe vilianza kugongana kwenye trei. Maren aliitua mezani kabla haijamponyoka, akatoka mbio kumtafuta mwenyewe. Alimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta, mkono bado umefungwa bendeji.

"Mzee Orville, baiskeli yako iko kule ndani."

"Najua. Niliileta."

"Na sanduku?"

"Fundi wa piano asiyesikia ni kama mpishi asiye na ulimi. Mchungaji amepata fundi mwingine, kijana kutoka mji mkubwa. Hakuniambia, anaona haya. Lakini niliona gari lake." Alitabasamu kidogo. "Usisikitike, mwanangu. Septemba hii nilitaka kwenda kuuona mto Missouri. Miaka sabini na tisa nausikia tu. Haya, basi, sasa hata kusikia kwenyewe kumekwisha."

"Lakini unanisikia mimi," Maren alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nakuona midomo, labda. Sijui tena. Hilo ndilo linalonitisha usiku, kwamba sijui. Wewe uliyekuwa pale ulisikia mara mbili."

Maren alirudi ndani akikimbia. Aliamua kuificha ile baiskeli nyuma ya jukwaa, chini ya mapazia, popote. Ukutani palikuwa na taa isiyo na kifuniko na viatu vya kuteleza, na katikati hapana kitu. Mtu mmoja wa mji wa jirani alikuwa ameshaipakia kwenye gari lake la mizigo, akashukuru, akaondoka. Sanduku la ngozi tu ndilo lililobaki. Maren alilikumbatia, akalificha chini ya meza ya vikombe. Soko lilipofungwa alikwenda nalo nyumbani.

Jioni ile Heidi alipika viazi na nyama katika bakuli la oveni, chakula alichokipenda Maren kuliko vyote. Bibi Verna alijichukulia chapati yake ya viazi, akaipaka siagi, akaikunja.

"Haya. Leo umejua nini, Maren, ambacho asubuhi hukukijua?"

Maren aliweka uma.

"Nimejua kwamba Mzee Orville si kiziwi," alisema.

Heidi aliinua macho. "Nani amekwambia? Amekubali kupimwa?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyemfanya kiziwi. Bibi hakuita siku ile. Hakupiga hata kengele. Alikuwa anamtazama korongo mdogo. Hapakuwa na kitu cha kusikia, Mama. Mzee Orville alisikia kila kitu kilichokuwapo." Machozi yalikuwa yanaanguka kwenye viazi. "Nilisema mara mbili ili uniamini. Nilidhani ukifunga baiskeli, Bibi atarudi dirishani."

Heidi alikuwa ameshika kijiko hewani. Bibi Verna alimtazama mjukuu wake kana kwamba amemkuta mtu mgeni ameketi kwenye kiti kile, akaendelea kumtazama, na rangi ikamtoka usoni. Maren alikuwa amejiandaa kwa ukali. Ule uso uliokufa ganzi ulimtisha zaidi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemgonga," alisema Bibi Verna hatimaye. "Nimemgonga, nikamwacha aniombe msamaha. Halafu nikaenda mjini kumsemesha neno mojamoja kama mtoto mchanga." Alisimama, chapati ikiwa haijaumwa. "Vaa viatu."

"Mama," alisema Heidi, "nilisema kuhusu ile kufuli…"

"Najua ulisema, na haki yako ni yako. Ila nina mahali pa kwenda kwanza."

Jua lilikuwa bado juu ya maghala. Bibi Verna aliitoa baiskeli yake ya kijani lakini hakuipanda. Aliisukuma mtaa mzima, Maren kando yake na sanduku la ngozi mikononi. Walimkuta Mzee Orville barazani kwake. Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, piano ilikuwa imefunikwa shuka.

"ORVILLE," alianza Bibi Verna kwa kelele, kwa mazoea. Akajishika. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Orville, sikuita."

"Unasema?"

"Siku ile. Sikuita, sikupiga kengele, sikutazama mbele. Nilikuwa natazama ndege. Wewe huna kosa hata chembe."

Mzee Orville aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Macho yake yalituama kwa Maren.

"Wewe ulisema mara mbili."

"Nilisema uongo," alisema Maren.

Mzee yule mpole, ambaye hakuna mtoto wa Nordal aliyewahi kumwona amekasirika, alisimama na kupiga nguzo ya baraza kwa kiganja cha mkono wake mzima. Maren alirudi nyuma hatua moja.

"Unajua nimeishije?" aliuliza. "Simu ikilia, najiuliza imelia mara ngapi. Nikilala, nasikiliza saa ya ukutani hadi alfajiri, nikidhani ikinyamaza ndiyo mwisho. Piano hiyo sijaigusa, kwa kuogopa nitabonyeza na kisitoke kitu. Nimeigawa baiskeli yangu!"

"Najua," alisema Maren. "Nilijaribu kuificha, nikakuta imekwenda. Hili tu ndilo nililoliwahi." Akaliweka sanduku barazani.

Mzee Orville alilitazama sanduku lile muda mrefu. Kisha akaketi, akageuza kiti chake mpaka mgongo ukawa upande wa barabara.

"Nenda langoni," alisema. "Simama pale. Sema kitu."

Maren alikwenda hadi langoni. "Mzee Orville," aliita.

"Nimesikia. Punguza."

"Leo kanisani tuliuza vikombe."

"Vikombe, kanisani. Punguza."

Maren alinong'ona, "Uliigawa baiskeli kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako, ndiyo. Punguza zaidi."

Maren alisogeza midomo na sauti ikatoka kidogo kabisa, kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama imetoka. "Nisamehe."

Mgongo wa Mzee Orville haukutikisika. Bibi Verna, aliyesimama katikati ya uwanja, hakuwa amesikia neno, akadhani na mzee hakusikia.

"Hiyo nimeisikia kuliko zote," alisema Mzee Orville. Alifuta macho kwa bendeji yake, akaingia ndani, akalivuta lile shuka. Piano ililia sauti moja, akaisikiliza hadi ikafa yenyewe. Akabonyeza nyingine, akaguna. "Imelegea," alisema kutoka ndani, na hakuna aliyewahi kulisema neno hilo kwa furaha kama ile.

Alipotoka, Bibi Verna alikuwa ameegemeza baiskeli ya kijani kwenye ngazi zake.

"Septemba haijafika. Pandisha kiti, una miguu mirefu kuliko mimi. Nenda kauone mto wako."

"Verna, na wewe?"

"Mimi nina kesi nyumbani," alisema Bibi Verna.

Heidi aliwakuta njiani wakirudi kwa miguu. Alikuwa ameshika kufuli mkononi, mpya, na ufunguo ukiwa bado umefungwa kwa uzi. Aliwatazama, akatazama nyuma yao, akatazama tena.

"Baiskeli iko wapi?"

"Kwa mwenye kuihitaji."

"Sasa nifungie nini?" aliuliza Heidi. Alijaribu kubaki mkali, akashindwa, akaitia kufuli mfukoni. Walitembea watatu pamoja, Maren katikati.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema Bibi Verna walipokaribia nyumbani. "Ulisema uongo kwa kunipenda, najua. Lakini uongo haukai pale unapouweka. Uliuweka kwangu uwe ngao, ukaenda kuangukia masikio ya mtu mwingine. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa kwa gurudumu, na mkono wa Orville utapona kwa majuma machache. Ulimi wako ulimlaza kiangazi kizima." Aliondoa jiwe njiani kwa ncha ya kiatu. "Na jingine. Mimi hupenda kujua mambo, wewe wanijua. Hata mabaya yangu nataka kuyajua. Usinichagulie ya kujua na ya kutojua. Hilo ndilo dirisha lenyewe, kuketi bila kujua."

"Ndiyo, Bibi."

Kesho yake asubuhi Maren aliamka, akasikiliza. Pampu haikukoroma. Alishuka ngazi akiogopa kuangalia sebuleni, kisha akaangalia. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Bibi Verna alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya kutembelea.

"Uji huo uache," alisema. "Zile kokoto hazijui kama nina magurudumu au sina."

Walitembea kila siku, wakaona mengi yaliyowapita walipokuwa juu ya baiskeli: mayai ya kobe wa mtoni mchangani, herufi zilizochongwa kwenye daraja na wajenzi wa reli. Yule kinda wa korongo aliota manyoya ya kijivu, na mwanzoni mwa Oktoba wakamwona akiruka.

Siku hiyohiyo, wakiwa wamesimama penye kinamasi vichwa vimeelekezwa angani, kengele ililia nyuma yao. Ilikuwa kengele kubwa, ya shaba, ambayo hawakuwahi kuisikia.

"Kushoto kwako!"

Sauti hiyo Maren aliijua. Alimshika Bibi mkono akamvuta kulia, upande wa majani, wakasimama kimya.

"Kushoto kwako!" Mzee Orville aliita tena, akaibuka penye daraja, baiskeli ya kijani imejaa vumbi la Missouri hadi kwenye usukani.

"Mara mbili," alisema Maren. "Nimesikia."